Mtu Mzima Namba Kumi na Saba

Kamati ya Maadili ya Utafiti imetangaza rasmi, kwa barua yenye mihuri miwili na sahihi tatu, kwamba watoaji damu wote wa kundi la ulinganisho ni watu wazima. Kwamba majina yao hayakuandikwa popote, hayatafutwi, wala hayatatafutwa. Na kwamba hakuna njia yoyote, iwe ya moja kwa moja au ya kuzunguka, ya kumfikia mtoaji damu yeyote wa kundi hilo. Barua hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa korido ya maabara, kati ya ratiba ya zamu na onyo la kutokula karanga karibu na darubini. Watumishi waliisoma, wakaridhika, wakaendelea kula karanga.

Mmoja tu hakuridhika, na kwa kweli barua iliandikwa kwa ajili yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, mrefu, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Alikuwa amekaa chumba cha protini miaka thelathini na mmoja. Madaktari walikuja wakaenda, mashine zilikuja zikafa, yeye alibaki. Wenzake walimwita Bi Mstari.

Kazi yake ilikuwa hivi. Damu ikishaganda na kuzungushwa kwenye mashine, juu hubaki maji ya rangi ya chai nyepesi. Bi Mstari alichukua tone moja la maji hayo, akaliweka ukingoni mwa bamba la jeli, akawasha umeme. Protini zilianza safari, kila aina kwa mwendo wake. Baada ya muda alizima umeme, akatia rangi, na safari yote ikaonekana kwa zambarau. Mbele hukaa doa nene la albumini, ambayo ndiyo bibi harusi wa damu, halafu madoa madogo ya wapambe, na mwisho kabisa ukungu. Kwa mtu asiye na neno, ule ukungu hubaki ukungu. Kwa mwenye saratani ya uboho, ndani ya ukungu husimama mstari mmoja, mwembamba na mkali, kama mtu aliyesimama nje ya dirisha lenye mvuke.

Mistari hiyo haifanani. Wa kila mgonjwa hukaa mahali pake, na hata akipimwa mara hamsini hukaa palepale. Si alama ya kidole kabisa, maana watu wawili wanaweza kukaribiana, lakini jicho la miaka thelathini na mmoja halihitaji zaidi. Mirija ilimfikia ikiwa na namba tu, bila majina, na bado Bi Mstari alikuwa akiinua bamba kwenye taa na kusema, "Aa, huyu karudi," au, "Huyu amenenepa, si dalili nzuri." Wengi wa watu hao hakuwahi kuwaona uso. Walikuwa wakija kwake kwa miaka, kila mmoja na mkao wake, halafu siku moja hawaji tena. Alizoea kusema kwamba mistari haifi, ni mirija tu ndiyo huacha kuja.

Utafiti ulioleta balaa ulikuwa na lengo jema, kama balaa nyingi. Saratani ya uboho hukaa ndani ya mifupa na kuitafuna kimyakimya, kama mchwa ndani ya mhimili. Daktari mtafiti alitaka kujua kama damu ya siku ya kwanza ina habari za siku ya mwisho. Alipima urefu wa mstari, vipande vyepesi vya protini vinavyozagaa nje ya mstari, protini moja ndogo inayopanda kadiri ugonjwa unavyolemea, na albumini, ambayo hushuka mambo yakiharibika. Yote aliyaingiza kwenye kikokotoo cha kompyuta, nacho kikatoa jibu la maneno mawili au matatu: njia ndefu, njia ya kati, au njia fupi. Kompyuta haikusema njia ya wapi. Ilikuwa na adabu.

Ili kujua damu ya wagonjwa imepotoka kiasi gani, ilihitajika damu ya wasio wagonjwa, na hapo lugha ikaanza kuwachezea. Mtafiti alitaka mirija iandikwe herufi ya kwanza tu ya kundi. Mgonjwa ni M. Mzima ni M. Wakajaribu wingi: wagonjwa ni W, wazima ni W. Wakajaribu ugonjwa na uzima, ikawa U na U. Baada ya kikao cha saa mbili wakaamua kutumia rangi. Wagonjwa wakapewa vifuniko vyekundu, na wazima arobaini wakapewa vya kijani.

Tangazo la kuwaita hao arobaini lilitafsiriwa ofisini. Mwandishi wa awali, mahali fulani mbali, alikuwa amesema wanatakiwa watu wenye afya njema. Karani akaandika: "Wanahitajika watu wazima arobaini wa kutoa damu kwa ajili ya utafiti. Fika chumba namba tatu." Daktari akalisoma, akaona ni sawa. Kamati ikalisoma, ikaona ni sawa. Lilikuwa sawa.

Kila mtoaji alichota bahasha kwenye ndoo. Ndani mlikuwa na vibandiko vya mirija na kadi yenye namba ileile, aondoke nayo, aje nayo tena baada ya mwaka mmoja. Hakuna aliyeulizwa jina. Aliyewatoa damu alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono mepesi ambaye hospitali nzima ilimwita Mbu, na yeye mwenyewe aliitika.

Mirija ya kijani iliteremka chumba cha protini siku ya Jumatatu. Bi Mstari aliipanga kwa uvivu kidogo, kama mtu anayesoma barua asizoandikiwa yeye. Moja, ukungu. Mbili, ukungu. Kumi na sita, ukungu. Kumi na saba, mtu amesimama dirishani.

Akabadilisha miwani. Akasafisha bamba, akachukua tone jingine. Mtu yuleyule, mahali palepale, na safari hii akaona kwamba pembeni mwa mstari kulikuwa na kivuli chembamba kama unywele, kikiufuata ule mstari kama mdogo wa mtu anavyomfuata mkubwa wake. Akarudia mara ya tatu kwa jeli mpya. Wakaja wote wawili.

Akamwita Daktari.

"Daktari, kijani kumi na saba ana mstari."

"Hawezi kuwa nao. Ni mzima."

"Njoo umwambie mwenyewe."

Daktari akaja, akainama juu ya bamba mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Mwembamba," alisema mwishowe. "Wengi wenye mstari wa namna hii huishi nao mpaka wanakufa kwa jambo jingine. Kwa mwaka, katika watu mia, labda ni mmoja tu ambaye mstari humgeukia ukawa saratani."

"Na vile vipande vyepesi vimepanda. Kikokotoo kinasemaje?"

"Kikokotoo hakikutengenezwa kwa ajili ya wazima."

"Kilazimishe."

Akakilazimisha. Kompyuta ikafikiri, ikaandika: njia ya kati.

"Sasa tumwite," alisema Bi Mstari. "Akiangaliwa mapema, hatangoja mifupa yake ivunjike ndipo ajue."

"Tumwite nani?" aliuliza Daktari, na halikuwa swali la ubishi. Fomu ya ridhaa ilisema watoaji hawatapewa majibu na hawatatafutwa. Ahadi ni ahadi. Akakiandikia kisa hicho mstari mmoja kwenye daftari la kasoro, akaenda kula.

Kuanzia siku hiyo Bi Mstari alikuwa na mtu wake. Hakuwa na sura wala sauti, alikuwa na mkao tu. Lakini mahali fulani alikuwa anaamka, anafunga vifungo vya shati au anasuka nywele, na akiulizwa hali anajibu kwamba ni mzima. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Hospitali ile, kama mahali pengine popote, iliamkiana kwa neno moja.

"Mzima, Bi Mstari?"

"Mzima. Wewe?"

"Mzima kabisa."

Alikuwa amelisema neno hilo mara elfu kadhaa bila kulisikia. Sasa kila aliyelitamka alimfanya ageuke. Mlinzi, mzima. Mpishi wa wagonjwa, mzima. Mfua mashuka, mzima kabisa. Mmoja wao, alidhani, anasema uongo bila kujua.

Akamfuata Mbu. "Kumi na saba alikuwa nani?"

"Mimi naangalia mishipa, dada, siangalii sura. Ukinionyesha mkono nitakwambia."

"Basi mkono wake ulikuwaje?"

Mbu akajigusa mkono. "Mshipa unakimbia. Unaugusa hapa, unahamia pale. Kama mtu asiyetaka kusalimiwa."

Akaanza kwa kujipima yeye mwenyewe. Ukungu mtupu. Usiku huo alilala vizuri, na asubuhi akajionea haya, maana alichofurahia ni kwamba mstari ni wa mwenzake. Halafu akaanza kuwaomba watumishi damu, tone tone, kwa visingizio vya kupima jeli mpya. Wengi walimpa. Wengine walianza kupita korido ya pili.

"Bi Mstari," alisema mpishi siku moja, akiwa ameshika mwiko kama ngao, "mbona unanitazama mifupa?"

"Nakutazama tu."

"Hapana. Watu hunitazama tumbo, maana ndilo la kutazama. Wewe unaingia ndani."

Kwa miezi kumi alipima watumishi ishirini na wanane. Wote walikuwa ukungu.

Nyumbani hakuleta habari za kazini, na nyumbani hakukuwa na wa kumletea ila wifi yake. Mumewe, dereva wa lori la mitungi ya gesi, alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita na kuacha nyumba moja, mke mmoja na dada mmoja. Ndugu walingoja kuona nani ataondoka. Mke alisema nyumba ni ya mume wangu. Dada alisema nyumba ni ya kaka yangu. Kila mmoja alikuwa na haki, kwa hiyo wakabaki wote wawili, wakigombana kwa kiasi, kama watu wanaojua wana miaka mingi mbele. Wifi huyo alishona mapazia. Cherehani yake ilikuwa chumba cha mbele, na ilisikika mpaka jikoni: mwendo mrefu ukizunguka upindo wote, kituo, mwendo mrefu tena.

Asubuhi walikutana kwenye kibaraza.

"Mzima, wifi?"

"Mzima, wifi. Umechelewa, wagonjwa wako watapona bila ruhusa."

Ni jioni ndiyo ilikuwa na jambo. Bi Mstari akirudi, wifi yake alisimamisha cherehani, akainua kichwa, akamtazama usoni. Si kwa haraka. Alimtazama kama mtu anayesoma tangazo la matokeo ya mtihani, kutoka juu mpaka chini, halafu akashusha pumzi na kuendelea na upindo. Mwanzoni Bi Mstari alidhani ana doa shavuni. Baadaye alidhani ni kwa sababu walikuwa wamegombania kabati. Tabia hiyo ilianza mwaka huohuo, na kila ilivyoendelea ilimtia baridi asiyoweza kuieleza. Kutazamwa na adui kuna raha yake, lakini huyu hakumtazama kama adui.

Aligundua pia, bila kulipa jambo uzito, kwamba mwendo wa cherehani umekuwa mfupi. Kidogo, kituo. Kidogo, kituo. "Umeanza kushona leso?" alimtania.

"Vitambaa vya siku hizi vizito," alijibu wifi. "Na mgongo nao una umri wake."

Mwaka ukatimia. Watoaji wa kijani wakarudi na kadi zao, thelathini na wanane kati ya arobaini. Bi Mstari hakuruhusiwa kukaribia chumba namba tatu siku ya kutoa damu, naye akatii, akakaa kwenye meza yake akiwa ameupa mlango mgongo ili asishawishike kutazama nani anapita. Saa nane mirija ilifika. Hakuanza na namba moja.

Kumi na saba alikuwa amekuja. Mstari ulikuwa umenenepa mara mbili, na unywele wa pembeni umekuwa uzi. Vipande vyepesi vimepanda, albumini imeanza kushuka. Daktari hakusubiri kuombwa. Akakilazimisha kikokotoo, nacho hakikufikiri hata kidogo. Njia fupi.

Bi Mstari alitoka, akaenda chumba namba tatu. Palikuwa hapana mtu. Alikaa kwenye kiti cha kutolea damu, akaweka mkono kwenye mto wa mpira kama wao walivyoweka, kisha akainua macho kuona walichokuwa wakiona. Mbele ya kiti kulikuwa na dirisha la kioo, ng'ambo yake korido, ng'ambo ya korido mlango wa chumba cha protini uliokuwa wazi, na ndani yake meza yake na kiti chake kitupu. Saa chache tu zilizopita, kumi na saba alikuwa amekaa hapo, sindano mkononi, akiutazama mgongo wa Bi Mstari.

Kesho yake alifanya kosa la kiofisi. Aliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, akabandika kwenye lango la hospitali: MWENYE KADI NAMBA 17 AFIKE DIRISHA LA MAABARA LEO. NI MUHIMU KWAKE. Hakutaja ugonjwa wala utafiti. Alidhani ametunga kwa akili.

Kufikia saa nne, kumi na saba walikuwa kumi na mmoja.

"Mimi ndiye kumi na saba," alisema wa kwanza, bwana mwenye koti.

"Muongo huyo," alisema mama nyuma yake. "Mimi nimekaa na hiyo namba tangu mwaka jana. Zawadi ni nini?"

"Kadi iko wapi?"

"Kadi imepotea. Kwani zawadi ni ya kadi au ya mtu?"

"Mimi nina kadi," alisema mzee mmoja, akatoa kadi ya foleni ya duka la dawa, yenye namba sabini na moja, akaishika juu chini.

Bi Mstari aliwaambia zawadi ni kupimwa damu. Watatu waliondoka papo hapo. Wanane walibaki, kwa kuwa walikwisha kupanga foleni na mtu hapotezi foleni hivihivi. Akawapima wote. Wakati anamfunga mpira mkononi yule bwana mwenye koti, alimuuliza kwa mazoea, "Na mwaka jana ulitoa damu ukiwa mzima?"

"Sasa ningetoa nikiwa mtoto?" alisema yule bwana. "Tangazo lilisema watu wazima. Nina miaka hamsini na mbili. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya goti, foleni ya daktari ikafika mpaka nje, hii ya kwenu haikuwa na mtu. Nikasema damu ni damu. Wakiona kitu watasema."

Bi Mstari aliacha mpira ukiwa nusu umefungwa. Akaenda langoni, akalisoma upya lile tangazo la kwanza lililokuwa bado limebandikwa, limeshapauka kwa jua. Watu wazima arobaini. Alikuwa amelipita kila siku kwa mwaka mzima. Kumi na saba hakuwa lazima mtumishi, na hakuwa lazima asiye na maumivu. Alikuwa yeyote aliyepita barabarani akiwa na umri wa kutosha na mahali panapomuuma. Na kama alifikiri kama yule bwana wa koti, basi hakuwa mtu asiyejua lolote. Alikuwa mtu anayengoja jibu, na kila siku isiyoleta jibu aliihesabu kuwa ndiyo jibu.

Wale wanane walikuwa ukungu wote. Yule bwana goti lake lilikuwa na maji tu.

Barua ya kamati ilikuja juma hilohilo, pamoja na onyo la maandishi la kwanza katika miaka thelathini na miwili ya utumishi. Bi Mstari alisaini kuwa ameipokea. Tangu hapo alitembea mitaani kama mtu aliyedondosha pete sokoni. Alitazama wanaoshika kiuno wakisimama, wanaopumzika ngazi ya tatu, wanaobadilisha begi bega. Walikuwa wengi mno. Mji mzima ulikuwa unaumwa mgongo, na mji mzima ulikuwa mzima.

Miezi minne baadaye, wifi yake aliinua mikono kutundika pazia kwenye sebule ya mteja. Pazia lilikuwa jepesi, la wavu. Mteja alisema baadaye kwamba alisikia mlio kama wa njiti ya kiberiti, akadhani ni mashikizo ya pazia. Wifi alishuka kwenye kigoda kwa utaratibu, akaliweka pazia juu ya kochi lisikunjike, ndipo akaomba apelekwe hospitali. Mbavu mbili. Picha ilionyesha mifupa iliyotobokatoboka, kama kitambaa kilichopitiwa na sindano isiyo na uzi.

Mrija wa damu yake uliteremka chumba cha protini ukiwa na kifuniko chekundu na, kwa kuwa alikuwa mgonjwa halali, ukiwa na jina. Bi Mstari alilisoma jina, akaketi. Akaweka tone kwenye bamba, akawasha umeme, akangoja kama anavyongoja kila siku, maana umeme hauna haraka kwa sababu ya undugu. Alipotia rangi hakuinua bamba kwenye taa. Hapakuwa na haja. Ulikuwa palepale, mnene, na pembeni yake uzi wake ukiufuata.

Alipanda wodini na koti lake la kazi. Wifi alikuwa ameegemezwa mito mitatu, anahema kwa vipande vidogo. Akainua kichwa akamtazama usoni, kutoka juu mpaka chini, kama kila jioni.

"Leo umekuwa tofauti," alisema.

"Wifi. Ulikuja kwetu kutoa damu?"

"Mara mbili. Kadi iko kwenye mkoba wangu, pembeni. Usichukue sarafu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mgongo ulikuwa unaniuma, nikaona tangazo wanataka watu wazima, nikaingia. Yule mfupi akanichoma mara tatu ndipo akaupata mshipa. Nikakuona kwa dirisha, mgongo wako huo, umejikunja juu ya vioo vyako. Nikasema, afadhali. Damu yangu inakwenda kwa wifi. Nikija kumwambia atasema najidekeza. Lakini akiona kitu, hata kama tumegombania kabati, atasema tu."

"Sikujua ni yako."

"Si ulikuwa unaipima?"

"Ilikuwa na namba."

"Kila jioni nilikuwa nakutazama," alisema wifi. "Nasema, leo atakuwa ameona. Unaingia, uso wako wa kawaida, unauliza kuna chumvi. Nasema, basi, hakuna kitu. Mwaka mzima na zaidi uso wako ulikuwa unaniponya."

"Nilikuwa najua kuna mtu," alisema Bi Mstari. "Nilimtafuta hospitali nzima. Nilipima mpaka mpishi."

"Sasa si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza kila asubuhi."

"Na mimi nikakujibu," alisema wifi. "Usinichekeshe, mbavu."

Matibabu yalianza Jumatatu iliyofuata: vidonge, na sindano ya tumboni kila wiki. Dawa ziko, na kwa wengine hununua miaka. Kikokotoo, ambacho sasa kilikuwa na haki ya kuulizwa, kilirudia maneno yake mawili. Daktari aliyasoma akageuza kioo cha kompyuta upande wake. Alisema kikokotoo huzungumzia watu wengi kwa pamoja na hakimjui mtu mmoja mmoja. Pia alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wakati ule wa mstari mwembamba kungekuwa na mengi ya kufanya, na sasa kuna machache. Bi Mstari ndiye anayeweka tone kwenye bamba kila mwezi. Mwezi wa tatu mstari ulipungua. Mwezi wa tano ulikuwa hapohapo ulipoachwa. Jioni akirudi, wifi humtazama usoni, na Bi Mstari amejifunza kumwambia kabla hajavua viatu, maana uso wake umeshathibitika kuwa hautegemewi.

Aliiandikia kamati. Alieleza kwamba mtoaji namba kumi na saba amepatikana, kwa hiari yake na kadi yake mkononi, na akaomba wote waliobaki waitwe na kuulizwa kama walikuja kwa sababu wana afya au kwa sababu wana umri. Kamati ilikaa, ikajibu baada ya wiki sita. Ilimpa pole kwa ugonjwa wa ndugu yake. Ilieleza kwamba haiwezi kupokea taarifa ya kupatikana kwa mtoaji wa kundi la ulinganisho, kwa kuwa, kama ilivyokwisha kutangazwa, hakuna njia ya kumfikia, na hivyo aliyefikiwa hawezi kuwa yeye. Katika ripoti ya mwisho wifi anahesabiwa mara mbili: katika jedwali la wagonjwa, na katika jedwali la wazima, ambamo hali yake imeandikwa kuwa njema.

Nyumba yao ina vyumba vitatu. Kutoka kitanda cha Bi Mstari hadi kitanda cha wifi yake ni hatua tisa, na mlango ulio katikati haujawahi kuwa na kufuli.